Ndoo Tatu

Aprili, saa nne za usiku, digrii tano,
na mvua ile isiyonyesha wala kuacha.
Huku kusini mwa Estonia theluji imekufa juzi tu,
maiti yake bado imelala mitaroni, nyeusi kwa moshi wa magari.
Mama yake Kirke ametushusha kwenye kona ya msitu,
akawasha taa za hatari, akafungua riwaya yake.
"Mkisikia lori, rukeni mtaroni. Vyura baadaye."

Tuko watatu, vizibao vya manjano,
ndoo tatu zilizowahi kubeba rangi ya ukuta.
Sheria ya kwanza, alisema bwana wa mazingira, ni mikono:
mitupu, imelowa, haina mafuta wala manukato,
maana chura hunywa kwa ngozi, hupumua kwa ngozi,
ukimpaka losheni yako umemlisha sumu.

Basi tukachutama penye dimbwi tukajisugua.
Säde alisugua mikono, kisha, sijui kwa nini, uso.
Poda ya miaka miwili ikashuka kwenye maji ya theluji
na madoa yakatoka moja moja,
shavuni, puani, hadi juu ya kope,
kana kwamba mtu alimkung'utia brashi ya kahawia.
Nimekaa naye dawati moja tangu darasa la tano.
Sikuwahi kuyaona.
Nikamulika. "Zima," akasema. Nikazima.
Lakini nilikuwa nimeshaona, naye alijua.

Halafu wakaanza kuja.
Si kwa kuruka, kama vitabu vinavyodai.
Kwa kutembea: mkono, mguu, mkono, mguu,
kama watu walioamka usiku wanatafuta choo.
Jike kabeba dume mgongoni, halalamiki.
Kila mmoja baridi kiganjani, yai lililotoka frijini,
kisha chini ya ubaridi ule
kitu kinadunda.

Kirke ana sauti nzito. Kwenye kwaya ya shule
walimwambia afungue mdomo tu, asitoe kitu.
Mwaka mzima ameimba kimya, midomo ikicheza.
Sasa amesimama ukingoni mwa bwawa,
ndoo imeinama, vyura wakimtoka taratibu,
akavuta pumzi, akakoroma: krrr. Krrr. Krrr.
Giza likanyamaza.
Kisha giza likamjibu.

Wanasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.
Sawa. Ila hakuna aliyemuuliza ng'ombe,
akiwa ameinamisha kichwa pale, alisikia nini.

Mimi? Nimevaa buti za kaka yangu, namba arobaini na tatu.
Zinanitosha.
Hilo sijamwambia mtu.

Daftarini: walio hai, mia mbili na kumi na saba.
Waliokanyagwa, thelathini na mmoja;
hao Kirke aliwaondoa kwa koleo, akatukataza kutazama.

Karibu saa sita akaja mmoja kutoka upande wa bwawa,
anarudi msituni, peke yake, kinyume cha wote.
"Amepotea," nikasema, "mtie ndooni."
Säde akamwinua, akamgeuza kuelekea majini.
Akageuka.
Akamgeuza tena.
Akageuka.
Wakatazamana, madoa kwa madoa,
mvua ikiwadondokea wote wawili.
"Hajapotea," akasema Säde,
akavuka naye barabara, akamweka chini ya msonobari
kwenye majani yaliyooza, akangoja hadi alipoacha kuonekana.

Daftari halina safu ya wanaorudi.
Nikaandika pembeni, nje ya mistari: 1.

Garini madirisha yakaota ukungu kwa pumzi zetu za tope.
Mama yake Kirke akafunga riwaya, akatutazama kiooni.
"Säde, una nini usoni?"
"Uso," akajibu.
Nyuma yangu Kirke alikuwa bado anakoroma, polepole,
kama mtu anayejaribu funguo.